33 juu, 1203 chini: mtu wa mzigo wa hatari hufundishwa nini hasa?

Jioni moja nilikuwa nasubiri basi Chalinze, pale barabara ya Tanga na ya Morogoro zinapoachana. Malori ya mafuta yalikuwa yakipita moja baada ya jingine kuelekea bara. Nyuma ya mojawapo kulikuwa na kibao cha rangi ya machungwa kilichogawanywa katikati kwa mstari mweusi: juu 33, chini 1203. Nikawauliza watu watatu waliokuwa karibu yangu, kile kibao kina maana gani? Mzee mmoja alisema ni namba ya lori katika kampuni yake. Mama aliyekuwa na mizigo akasema ni ujazo wa tanki. Kijana anayeuza maji na korosho akamaliza ubishi: "Hiyo ni ya bandarini, wanaandikiwa wakitoka getini."

Wote walijibu kwa uhakika, na wote walikosea. Siwalaumu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaeleza. Kibao kile kilikuwa kinatuambia hivi: nimebeba petroli, na kinachonitisha ni moto, tena moto wa kushika upesi sana.

Mkanganyiko wa namna hiyo hurudi kila lori la mafuta au la kemikali linapopinduka. Vijiweni watu huulizana: hivi dereva alikuwa na mafunzo? Mwingine hujibu: jamaa ana leseni ya Daraja E, ana miaka 15 barabarani, mafunzo gani tena? Wapo wanaodhani mafunzo haya ni semina ya siku moja yenye chai na cheti. Wapo wanaodhani yanamhusu dereva peke yake. Na wengi wanadhani mzigo wa hatari ni petroli, basi.

Tuanze hapo kwenye jina. Mzigo wa hatari ni kitu chochote ambacho kikiwa safarini kinaweza kuwaka, kulipuka, kutia sumu, kubabua ngozi, kutoa mionzi au kuharibu maji na ardhi, kisidhuru waliokibeba tu bali hata waliokaa barazani kwao. Umoja wa Mataifa umeipanga mizigo hiyo katika makundi 9, na ukiacha kundi la kwanza, la baruti, na la saba, la mionzi, huenda mengine yote unayo nyumbani. Mtungi wa gesi jikoni ni kundi la 2. Mafuta ya taa ni la 3. Kiberiti ni la 4. Unga wa klorini wa kutibu maji ya kisima ni la 5, pamoja na baadhi ya mbolea. Dawa ya panya ni la 6. Maji ya betri ya gari ni la 8, na betri ya simu uliyoshika sasa hivi ni la 9.

Sasa, kama vitu hivyo tunaishi navyo, kwa nini vikipakiwa kwenye lori vidai mafunzo maalumu? Kwa sababu nyumbani una kiberiti kimoja. Kwenye lori viko vingi, vinatikiswa, vinapigwa na jua kutwa nzima, na pengine vimepakiwa pembeni ya kitu visichopatana nacho. Kila mama mwenye nyumba ameshaambiwa asichanganye Jik na dawa kali ya kusafishia choo, maana vikikutana hutoa gesi inayokaba koo. Hilo hutokea kwa vifuniko viwili tu vya chupa. Chukua tani za asidi na tani za unga wa klorini, ziweke kwenye trela moja, kisha lipitishe trela hilo kwenye matuta ya Mikumi.

Kibao chenyewe

Kibao hicho kinasomeka na mtu yeyote aliyeonyeshwa mara moja. Namba ya chini, yenye tarakimu nne, ni jina la mzigo. 1203 ni petroli, iwe Dar es Salaam, Lubumbashi au Muscat. 1202 ni dizeli. 1830 ni asidi ya salfuriki iliyokolea, ile ya migodini. 1005 ni amonia. 1965 mara nyingi ni gesi ya kupikia.

Namba ya juu inaeleza tabia. 2 ni gesi, 3 ni kimiminika kinachowaka, 5 ni kitu kinachochochea moto, 6 ni sumu, 8 ni kitu kinachobabua. Tarakimu ikijirudia, ujue ukali umezidi, na ndiyo maana dizeli ni 30 lakini petroli ni 33. Amonia huandikwa 268: ni gesi, ni sumu, inababua. Na ukiona herufi X mbele ya namba, hapo maji ni adui, kwa kuwa mzigo huo ukiumwagia maji unageuka kuwa balaa jingine. Kwa hiyo ile imani kwamba kila moto unazimwa kwa maji ni ya kuiacha leo hii. Hata petroli yenyewe huelea juu ya maji na kusafiri nayo ikiwaka mtaroni.

Utaratibu huu wa namba ya juu umetoka katika mkataba wa Ulaya wa usafirishaji wa mizigo ya hatari barabarani, uliotiwa saini Geneva mwaka 1957. Marekani hutumia ile namba ya chini peke yake. Kwetu huku si kila lori lina kibao; mengine yameandikwa tu "Hatari, Petroli", na mengine yamevaa kibao cha mzigo wa wiki iliyopita. Hili la pili ndilo linaloniumiza zaidi. Kibao cha uongo ni kibaya kuliko kukosa kibao, kwa sababu zimamoto atakiamini.

Leseni haijui kilichomo tankini

Leseni ya Daraja E inathibitisha kwamba mtu anaweza kuendesha gari kubwa. Haithibitishi kwamba anaujua mzigo. Na mzigo wa kimiminika una akili yake.

Tazama mama anayetoka kisimani na ndoo ya maji kichwani. Juu ya maji ameweka majani au kisahani kinachoelea, ili maji yasirukeruke. Naye anajua kwamba ndoo iliyojaa sawasawa ni tulivu kuliko ndoo ya nusu, ambayo maji yake huenda mbele na kurudi nyuma kwa kila hatua. Lori la mafuta ni ndoo hiyo hiyo, ila sasa ni lita 35,000 au zaidi. Ndani ya tanki huwekwa kuta zenye matundu, zikifanya kazi ya yale majani. Hata hivyo dereva akikanyaga breki, mafuta huendelea na safari, yakagonga ukuta wa mbele na kulisukuma gari lililokwisha simama. Kwenye kona hupanda upande mmoja. Dereva aliyezoea kubeba saruji miaka 15 atashuka mlima Kitonga kwa mkono wa saruji, na uzoefu wake ndio utakaomdanganya.

Kuna na suala la joto. Petroli hutanuka, kwa kukadiria, sehemu moja katika kila 1,000 kwa kila nyuzi moja ya joto. Ukipakia lita 35,000 alfajiri na mchana joto la mafuta likapanda nyuzi 10, umepata lita 350 za ziada ambazo hukuzinunua na hazina pa kukaa. Ndiyo maana tanki halijazwi hadi mdomoni. Atakayemshawishi mpakiaji "ongeza kidogo bosi" hajui anachoomba.

Na uzito nao. Dumu la lita 20 la maji lina kilo 20. Dumu hilo hilo likijaa asidi ya salfuriki iliyokolea lina karibu kilo 37. Mtu asiyejua hilo atapima mzigo kwa lita, tanki litaonekana halijafika hata juu, kumbe ekseli zimeshalemewa zamani.

Hapa naomba tukae kidogo kwenye jambo ambalo hata madereva wa siku nyingi hubishana nalo: tanki tupu. Wengi hupumua wakishamaliza kushusha. Lakini petroli yenyewe, ile ya majimaji, haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake ukichanganyika na hewa kwa kipimo fulani, kati ya sehemu 1.4 na 7.6 hivi katika kila 100. Mvuke ukipungua hapo hauwaki, ukizidi sana pia hauwaki. Tanki lililojaa lina nafasi ndogo ya mvuke. Tanki lililoshushwa lina nafasi kubwa, mvuke umebaki, na hewa imeingia kujaza pengo. Chupa ya manukato iliyokwisha bado hunukia miezi mingi, na tanki nalo ni hivyo hivyo. Mafundi wa kuchomelea wamekufa kwa kuziba tundu dogo kwenye tanki au pipa "lisilo na kitu". Kwa hiyo kanuni inasema kibao hakitoki kwa sababu mafuta yameshushwa. Kinatoka tanki likishaoshwa na kutolewa mvuke.

Twende hatua moja mbele. Lori limeshusha petroli jana, leo linapakia dizeli. Dizeli ni pole, haitoi mvuke mwingi, kwa hiyo mpakiaji anajiachia. Kumbe dizeli inayoingia inaunyonya ule mvuke wa petroli uliokuwa mwingi mno kuwaka, inaupunguza, na kuuteremsha hadi kwenye kile kipimo cha kuwaka. Wakati huo huo, mafuta yakipita kwa kasi kwenye bomba huzalisha umeme tuli, ule ule unaosikika ukichechemka unapovua sweta ya nailoni wakati wa kipupwe. Cheche moja inatosha. Hapo ndipo unapoona thamani ya ule waya wa ethi unaobanwa kwenye chuma cha lori kabla ya bomba kufunguliwa, na sababu ya kupakia taratibu mwanzoni mpaka mdomo wa bomba uzame ndani ya mafuta.

Nimeona waya huo ukibanwa juu ya rangi. Kijana aliufunga vizuri kabisa, kwa nguvu, pahali palipopakwa rangi nene ya bluu ambapo umeme haupiti. Alikuwa ameambiwa afunge waya. Hakuambiwa kwa nini. Angejua sababu, angekwangua rangi kwanza au angetafuta chuma kitupu. Kwangu mimi hiyo ndiyo tofauti kati ya kuelekezwa na kufundishwa.

Si dereva peke yake

Tarehe 11 Mei 1996 ndege ya abiria ya shirika la ValuJet iliruka kutoka Miami kwenda Atlanta. Dakika chache baadaye ilianguka kwenye kinamasi cha Everglades, na watu wote 110 waliokuwemo wakafa. Chini ya abiria yalikuwepo maboksi ya vifaa vya kuzalishia oksijeni vilivyokwisha muda wake, zaidi ya 100, vilivyotolewa kwenye ndege nyingine. Vifaa hivyo vikifyatuka hutoa joto kali pamoja na oksijeni, yaani moto na chakula chake kwa pamoja. Vilitakiwa kuvishwa vifuniko vya usalama, havikuvishwa. Kwenye karatasi ya mzigo mtu aliandika kwamba ni vitupu. Havikuwa vitupu.

Hesabu mikono iliyogusa maboksi yale kabla hayajafika kwa rubani: mafundi waliovitoa, karani aliyeandika karatasi, aliyevifunga, aliyevipokea uwanjani, aliyevipakia. Rubani alikuwa amefundishwa vizuri. Mzigo ulimuua kwa makosa ya watu ambao hata hakuwahi kuonana nao.

Kwa sababu hiyo sheria za nchi zilizochukulia jambo hili kwa uzito hazimsemi dereva tu. Marekani, yeyote ambaye kazi yake inagusa usalama wa mzigo wa hatari, awe anajaza mapipa, anabandika alama, anaandika hati, anapakia au anaendesha, lazima afundishwe. Mafunzo yana sehemu kuu nne. Ya kwanza ni kutambua: makundi, alama, namba. Ya pili ni ya kazi yako wewe mwenyewe, kwa sababu anayefunga maboksi hahitaji kujua yote anayoyajua anayefungua valvu za tanki. Ya tatu ni usalama wa mwili wako na cha kufanya mzigo ukivuja. Ya nne ni ulinzi dhidi ya wezi na wenye nia mbaya, maana sianidi na baruti vina wateja ambao hupendi kuwafahamu. Mfanyakazi mpya ana siku 90 za kukamilisha, na katika siku hizo hafanyi kazi hiyo bila kusimamiwa na aliyefundishwa. Mafunzo hurudiwa angalau kila miaka 3. Chini ya ule mkataba uliozaliwa Geneva, dereva hufanya mtihani na cheti chake hudumu miaka 5, huku tanki, vilipuzi na mionzi vikiwa na masomo yake ya ziada. Kwenye ndege ni kila miezi 24.

Watu hulalamika, mbona kurudia kila mara, kwani petroli imebadilika? Petroli haijabadilika. Aliyebadilika ni mtu. Mtu akibeba kitu mara 400 bila ajali, mwili wake huacha kukiogopa.

Na kwetu?

Tanzania hakuna ofisi moja inayosimamia mizigo yote ya hatari, na hapa ndipo wenye malori huchanganyikiwa kwa haki kabisa. Kemikali ziko chini ya Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani Na. 3 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo pia huendesha mafunzo ya madereva wa malori ya kemikali. Mafuta na gesi yako kwa EWURA, mamlaka ya nishati na maji. Mionzi iko kwa Tume ya Nguvu za Atomiki. Baruti iko kwenye wizara ya madini, viuatilifu vina mamlaka yake, taka hatarishi utakutana na wasimamizi wa mazingira. Gari lenyewe ni LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na barabarani kuna askari wa usalama. Kenya mwenye lori la mafuta hushughulika na EPRA ya nishati na NTSA ya usalama barabarani, na taka humpeleka NEMA ya mazingira.

Fikiria basi lori linalotoka bandari ya Dar es Salaam na salfa au kemikali nyingine ya migodini, linapita Tunduma, linakatiza Zambia, linaingia Kongo kwa Kasumbalesa. Limepita nchi tatu. Sheria zimebadilika mara mbili, lugha ya afisa imebadilika, ila mzigo ni ule ule na dereva ni yule yule. Kilichobaki bila kubadilika ni kile kibao, karatasi ya usalama wa kemikali na kichwa cha dereva. Kichwa kikiwa kitupu, vibali vyote vilivyogongwa mihuri haviwezi kuziba valvu. Februari 2019, mkoani Lualaba, lori la asidi na basi viligongana, na watu takriban 20 wakafa. Asidi haina mlipuko wa kutisha wala moshi mweusi, na ndiyo maana wengi huidharau mpaka inapowafikia miguuni.

Kuhusu cheti, nitasema ninavyoamini. Cheti kilichotolewa bila mtu kujaribiwa kwa mkono wake, bila kubana waya, bila kuvaa barakoa akaisikia ilivyo nzito, bila kusoma karatasi ya mzigo na kuieleza kwa Kiswahili chake, hicho ni cha kumridhisha askari wa kizuizini. Nyingi ya karatasi za usalama zinazosafiri na kemikali zetu zimeandikwa Kiingereza, nyingine Kichina. Mwajiri anayemkabidhi tandiboi karatasi ya Kichina na kumwambia "soma hapo" amekwisha kumtelekeza kabla safari haijaanza.

Dakika 10 za kwanza

Tarehe 10 Agosti 2019, eneo la Msamvu, Morogoro, lori la petroli lilipinduka. Watu wakaenda na madumu. Moto uliolipuka uliua zaidi ya watu 100. Sachang'wan, Kenya, tarehe 31 Januari 2009, ilikuwa hivyo hivyo, na idadi nayo ilipita 100. Sange, Kivu Kusini, tarehe 2 Julai 2010, zaidi ya 200.

Sitawaita watu wale wajinga. Dumu la petroli ni pesa ya siku kadhaa, limelala barabarani, na hakuna moto unaoonekana. Tatizo ni kwamba hatari haionekani. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hautoroki kwenda juu kama moshi. Unatambaa chini, unajaa mtaroni, unafuata mteremko kama maji, unazunguka miguu ya watu, unaendelea hadi kwenye jiko la mkaa la mama lishe au pikipiki inayopigwa kiki mita nyingi kutoka pale. Moto ukishika huko, hurudi kwa njia ile ile mvuke ulikopita. Anayetazama lori akisubiri kuona cheche atakuwa anatazama upande usio na moto.

Mafunzo ya kweli humwandaa dereva na tandiboi kwa dakika hizo, kwa sababu zimamoto hawajafika. Kuzima injini na kukata umeme wa betri. Kuweka alama za tahadhari mbali, pande zote mbili. Kuondoka na karatasi za mzigo mkononi badala ya kuziacha kwenye kabini. Kupiga 114 kwa Tanzania na kutaja namba ya tarakimu nne, maana "lori limeanguka" haimsaidii ofisa anayeamua alete povu au maji. Kuwaondoa watu na kuwapeleka upande upepo unakotoka. Miongozo inayotumiwa na waokoaji Amerika ya Kaskazini inataja angalau mita 50 kila upande petroli ikivuja. Tanki likiwa ndani ya moto ni mita 800, kama viwanja 8 vya mpira vilivyopangwa kwa urefu. Lori la gesi likiwaka ni mita 1,600. Unaposikia namba hizo na ukakumbuka umati unaosimama hatua 20 ukirekodi kwa simu, moyo unashtuka.

Kusema na umati ni somo peke yake, na natamani lingepewa saa nyingi zaidi. Kupiga kelele "ondokeni!" hakufanyi kazi, watu hudhani unataka kubaki na mafuta peke yako. Mkufunzi mmoja aliwafundisha madereva kusema maneno haya: "Mvuke umeshafika miguuni mwenu, cheche moja itaumaliza mtaa huu." Anayesikia neno miguuni hutazama chini, na akitazama chini huanza kurudi nyuma.

Haki ya kusema hapana

Kuna swali sijasikia likiulizwa baada ya ajali: je, yupo aliyeona kasoro kabla, akanyamaza? Mafunzo humfanya mtu aone. Anaona kwamba mfuniko wa juu haufungi, kwamba mapipa ya asidi yamewekwa pamoja na magunia ya sianidi, vitu viwili ambavyo vikikutana hutoa gesi inayoua haraka. Anaona kwamba hajalala tangu juzi. Lakini posho yake inategemea safari, na nje ya geti wapo madereva watano wanaosubiri kiti chake. Kumfundisha mtu aione hatari halafu kumfukuza akiitaja ni kumtesa mara mbili. Mwajiri anayetaka mafunzo yake yazae matunda ampe dereva, mpakiaji na tandiboi karatasi yenye saini ya bosi inayosema: ukiona kasoro hii, hii na hii, gari halitoki, na mshahara wako haukatwi. Mkaguzi naye, badala ya kuuliza "cheti kiko wapi?", aulize "mara ya mwisho mlikataa mzigo lini, na kwa nini?" Kampuni isiyowahi kukataa hata mmoja, mimi ningeikagua mara ya pili.

Siku niliyokaa nyuma ya darasa la mafunzo haya, madereva walikaa mbele na matandiboi wakajibanza ukutani kana kwamba walikuja kuwasindikiza. Saa tisa mchana mkufunzi akabandika kibao ubaoni: juu 268, chini 1005. Akasema, "Lori hili limelala hapo nje getini, linavuja. Mko ndani ya chumba hiki. Mnatokea mlango upi?" Madereva wakaanza kubishana kuhusu valvu na ukubwa wa tanki. Tandiboi mmoja, kijana mwembamba ambaye asubuhi nzima hakufungua mdomo, hakusema kitu. Aliinuka, akaenda dirishani, akatazama majani ya mwembe yanalalia upande gani.